Karela, Asali na Sanduku la Chaki

Jumatatu, 3 Machi

Sukari: kumi na nne nukta mbili. Na sijatia kitu mdomoni tangu jana! Daktari ameitazama namba, akanitazama mimi, akairudia namba, kana kwamba mmoja wetu anadanganya na bado hajajua ni yupi.

Daktari huyu nilimfundisha Kemia kidato cha pili. Nilimpa thelathini na nane kwa mia katika mtihani wa asidi na besi. Leo ananiamkia kwa adabu zote, shikamoo Mwalimu, karibu Mwalimu, kisha ananinyima barua.

Nieleze barua yenyewe, maana shajara isiyoeleza haimfai hata aliyeiandika. Binti yetu anaishi nchi ya mbali yenye baridi. Amejifungua mtoto wa kiume, sasa ana wiki sita. Mjukuu wetu wa kwanza! Anataka mimi na mama yake tukakae naye miezi mitatu. Tiketi ya mama yake iko tayari. Yangu inangoja barua ya daktari kuwa sukari imetulia, eti kwa sababu mwaka jana nilianguka kwenye foleni ya posta. Sikuanguka. Nilikaa chini haraka.

Nimepewa wiki mbili. Tarehe kumi na saba, asubuhi, kabla ya kula, namba iwe chini ya tisa. Daktari atakagua pia kumbukumbu za mashine yangu ya nyumbani. Nikishindwa, tiketi ya pili itaandikwa jina la mjomba wake Binti, ili mama mtu asisafiri peke yake.

Mjomba! Yaani shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa treni mstaafu. Naye ana sukari. Kliniki yetu moja, siku moja, benchi moja. Leo katoka chumba cha kipimo akitangaza kama yuko stesheni: sita nukta moja! Sita nukta moja, jamani! Kisha akanishika bega, akanipa pole, akasema nisihuzunike, mtoto atambeba yeye kwa niaba yangu.

Kwa niaba yangu!

Daktari aliniuliza kama nameza vidonge. Nikajibu naam. Hapa niko peke yangu, naweza kusema kweli: simezi. Vinanivuruga tumbo. Tangu Januari navitia katika sanduku langu la chaki, juu ya kabati la vitabu. Vyeupe kwa vyeupe. Mke wangu alifanya kazi dirisha la dawa hospitalini miaka ishirini na sita. Kwenye taka angevinusa. Chaki hagusi. Vumbi lake humpigisha chafya.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Nyuma ya soko kuna duka la mzee mmoja mwenye droo za mbao kutoka sakafuni hadi darini. Watu humwita Mzee wa Droo. Kila droo ina mzizi, gome, mbegu au jani. Ni mjuzi wa Ayurveda, yaani elimu ya kale ya tiba kutoka Bara Hindi, iliyoandikwa vitabuni karne nyingi kabla ya kuwepo mashine za kutoboa vidole. Nimekaa naye saa mbili. Raha iliyoje kuongea na mtu anayemaliza sentensi.

Nimeandika. Karela, kamua, kunywa asubuhi na jioni. Mbegu za uwatu, loweka, kunywa maji yake. Kokwa za zambarau, kausha, saga, nusu kijiko. Na jani moja dogo la mtambaazi, ambalo jina lake katika lugha ya vitabu vile ni muuaji wa sukari. Muuaji! Nililipenda papo hapo.

Mzee akaongeza, akigonga meza kwa kila neno, kwamba nisiache vidonge vya hospitali. Kwamba mimea hii wengine huwasaidia kidogo, wengine haiwasaidii kabisa, na asiyemwambia daktari wake anajitafutia balaa. Hilo sikuliandika. Karatasi ilikuwa imejaa.

Akanifundisha pia jambo la kibebeo. Katika tiba hiyo unga mchungu hauendi peke yake, una kitu cha kuusindikiza tumboni: maji ya vuguvugu, maziwa, saa nyingine asali. Kwangu, alisema, ni maji. Lakini neno asali amelitamka yeye, si mimi.

Jumatano, 5 Machi

Karela ya kwanza. Kwa asiyeijua: ni mboga ya kijani, ndefu kama kiganja, ngozi yake ina vipele kama mgongo wa mamba. Nimeikamua katika mashine ya mke wangu ya juisi. Nikanywa.

Mama yangu!

Uchungu huu si wa mdomoni tu. Umepanda masikioni. Nimesimama jikoni dakika tatu nikishika sinki. Kisha kijiko cha asali. Baada ya uwatu, kijiko cha asali. Baada ya kokwa, viwili, maana unga ulinikwama kooni. Vibebeo vyote ni halali.

Mke wangu aliingia, akaona sinki, akaona maganda, akaona kijiko. Akauliza ni nini. Nikamweleza kwa kituo, tangu historia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa. Hakusema neno lingine. Mke wangu akisema sawa peke yake, huwa kuna jambo linapikwa.

Asubuhi nilikuwa na kumi na tatu nukta tisa. Imeshuka kabla hata sijaanza! Mwili umesikia habari.

Ijumaa, 7 Machi

Ugunduzi mkubwa, wa bahati mbaya. Tumeibiwa!

Leo nimeanza jani la muuaji. Nimelitafuna polepole kama nilivyoelekezwa. Si baya, lina ladha ya nyasi. Kisha nikameza unga wa kokwa, nikachukua kijiko changu cha asali. Hakuna utamu. Hakuna kabisa! Nimelamba tena. Ni kama kulamba gundi ya vitabu. Kijiko cha tatu, cha nne, cha tano, ili kuwa na uhakika, kwa sababu mwanasayansi hajengi hoja juu ya jaribio moja. Matokeo yaleyale.

Hitimisho: asali hii ni bandia. Na kama haina utamu, haina sukari. Na kama haina sukari, hainidhuru. Nimekula sita na saba bila hofu.

Nimemlaumu mke wangu kwamba kauziwa rangi na maji mazito. Ameionja. Akanitazama muda mrefu. Akasema asali ni nzuri tu, labda nikapimwe ulimi. Nimemsamehe.

Jumamosi, 8 Machi

Kumi na saba nukta moja.

Nimepima vidole vitatu tofauti. Vyote vinasema uongo uleule.

Nimekwenda kwa Mzee wa Droo kulalamika. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Akaniita Mwalimu, Mwalimu, akifuta machozi. Akaeleza: lile jani hufisha ulimi usionje utamu, kwa muda kama wa saa moja. Linaua ladha, sukari yenyewe halikuigusa. Asali ilikuwa asali, ikashuka tumboni ilivyo. Zamani, anasema, walilitafuna ili vitu vitamu visiwatamanishe, siyo ili wale vingi zaidi. Alirudia mara mbili, taratibu, kama ninavyowaelezea watoto wa nyuma darasani. Nimeelewa. Si mara ya kwanza mimi kueleweshwa.

Nimerudi, asali haipo. Mke wangu anasema sisimizi walikuwa wamevamia kabati, kaitoa nje ya nyumba. Sikuona hata sisimizi mmoja. Kisha akasema maneno yaliyonigusa: nisihangaike tena na mashine, juisi ya karela atanikamulia yeye, asubuhi na jioni, nami niinywe mbele yake mpaka tone la mwisho. Miaka thelathini na nane ya ndoa! Kumbe moyoni ananiamini.

Jumatatu, 10 Machi

Karela ya mke wangu ni kali kuliko yangu. Inaacha na chengachenga nyeupe chini ya glasi. Anasema ni mbegu. Yule mwanamke ana mkono wa tiba. Anatwanga kitu katika kinu kidogo kabla ya kukamua, nasikia tok tok tok kutoka chumbani. Nimemuuliza, akasema ni siri ya uchungu.

Tumbo linavurugika. Nimekimbia msalani mara nne kabla ya saa nne. Vidonge vilikuwa vinanifanya hivihivi, lakini hili ni tofauti: hapa mwili unasafishwa. Uchafu wa miaka unatoka. Mzee wa Droo hakulitaja, ila msomi huunganisha mambo mwenyewe.

Jambo la ajabu. Nimelishusha sanduku la chaki, ni jepesi! Vidonge vimepungua. Nilikuwa na vingi vya kujaza kiganja mara mbili, sasa havijazi hata mara moja na nusu. Panya! Panya wa nyumba hii watakuwa na sukari nzuri kuliko mimi. Nimeweka mtego kando ya kabati. Mke wangu kauliza wa nini. Nikasema wa panya. Akapigwa na kikohozi, akatoka mbio.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi: kumi na moja nukta mbili. Inashuka! Ila haishuki kwa kasi ninayoitaka, na siku zimebaki tano. Tena mashine imehifadhi ile kumi na saba, daktari ataiona. Nahitaji namba ndogo nyingi za kuifunika.

Nimekaa nikafikiri. Nani ana damu ya sita nukta moja? Shemeji!

Nimemwalika chai ya saa kumi, isiyo na kitu. Alikuja amevaa koti la baridi. La sufi, jeusi, vifungo vikubwa, hadi magotini, na jua linawaka! Anasema anauzoesha mwili. Nikamsifu. Nikamwambia nashuku mashine yangu ni mbovu, na ni nani mwingine mwenye sukari ya kuaminika kama yeye, hebu anisaidie kidole tu. Akasita. Nikamchokoza, dereva wa treni mzima anaogopa sindano? Akatoa kidole.

Kumi na mbili nukta tisa.

Tukatazamana. Nikasema mashine kweli ni mbovu. Akasema si mbovu. Akavua koti taratibu, akalikunja magotini, akaniomba nisimwambie dada yake. Ile sita nukta moja ni ya mwaka juzi. Huwa anatoka na karatasi mkononi na kuitangaza hiyo hiyo, kwa sababu watu walimpigia makofi siku ile, na tangu mke wake afariki hakuna mtu nyumbani wa kumpigia makofi ya chochote. Anakula biskuti kwa chakula cha jioni. Kupika chungu kizima kwa mtu mmoja, anasema, ni kama kuendesha mabehewa kumi na mbili yenye abiria mmoja. Alitaka tu kukaa nyumba yenye kelele za mtoto.

Silaha imenidondokea mkononi! Neno moja kwa Binti, na mjomba hana tiketi. Nimeishika simu. Nimeiweka. Nimeishika tena. Mtu mwenye koti lililokunjwa magotini ni mgumu kumpiga.

Nimemgawia nusu ya karela yangu ya jioni. Akanywa, akapiga meza ngumi mbili, akauliza nimemkosea nini.

Na sasa mashine ina kumi na saba, na kumi na mbili isiyo yangu. Hongera kwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Kumi nukta moja.

Nimekosea kutaja mezani kwamba shemeji naye alionja karela juzi. Mke wangu akaweka kijiko chini. Nani kaniruhusu kumpa kaka yake glasi yangu? Kiasi gani? Alikuwa amemeza nini siku hiyo? Sijamwona amekasirika hivi tangu nilipofua sare yake nyeupe pamoja na shati jekundu. Nikasema ni mboga tu, Mama. Akasema hivyohivyo, mboga tu, mboga tu, akampigia kaka yake simu papo hapo. Nilisikia akimuuliza habari za tumbo. Naye alikuwa ametulia, ila hakuitaka tena glasi ile maishani mwake.

Wivu, nadhani. Mkono wake wa tiba hapendi ugawiwe.

Panya wanaendelea. Sanduku limebaki robo. Mtego haujanasa kitu. Panya wasomi.

Jumapili, 16 Machi

Tisa nukta tatu. Bado! Kesho ndiyo kesho.

Binti kapiga simu. Akaniuliza Baba, unaendeleaje. Nikaanza kumweleza karela, akasema subiri, mtu anataka kukusalimia, akaiweka simu kwa mtoto. Sikusikia salamu. Nilisikia pumzi. Fupi fupi, za haraka, kama anayekimbilia jambo muhimu. Kisha chafya moja. Ndogo! Nimefundisha watoto miaka thelathini na moja, nimesikia chafya za madarasa mazima, hii nimeisikiliza nimesimama.

Binti akarudi, sauti imepungua. Akasema Baba, mimi nakutaka wewe. Mjomba ni Mjomba, ila nakutaka wewe. Nikasema laini inakatika. Haikuwa inakatika.

Sijagusa kitu kitamu tangu Jumamosi ile asali ilipotoweka. Hilo nalo sijawahi kuliweza. Nimetembea mpaka posta na kurudi, mara mbili. Nimeinywa karela ya jioni mpaka tone la mwisho, na chengachenga zake, na kidole nimekipitisha kwenye glasi.

Jumatatu, 17 Machi

Benchi. Mimi, mke wangu na mkoba wake mkubwa, shemeji na koti lake.  Shemeji aliitwa kwanza. Alitoka, watu wakamtazama wakingoja tangazo. Akakaa kimya. Nilimhurumia kwa kweli.

Kisha mimi. Mlango ulibaki wazi, kliniki ile mlango haufungi vizuri. Kidole. Tone. Sekunde tano ndefu kama kipindi cha mwisho cha Ijumaa.

Nane nukta nne!

Nilisimama. Daktari akaniomba nikae. Akaanza kupekua mashine yangu. Akakuta kumi na saba; nikakiri asali. Akakuta kumi na mbili nukta tisa, Jumatano alasiri. Hii je, Mwalimu? Nikaona koti jeusi kupitia uwazi wa mlango. Nikasema nilikula keki. Ya nani, akauliza. Nikasema ya watu.

Hapo shemeji akaingia bila kubisha. Akasema kwa sauti ya stesheni kwamba damu ile ni yake, kidole ni chake, na kama kuna keki, hiyo keki aliila yeye. Akamgeukia dada yake na kumwambia kuhusu biskuti. Mke wangu akasema anajua. Anajua tangu mwaka jana; makombo yanaonekana kwenye masharubu.

Kisha mke wangu akafungua mkoba, akaweka mezani sanduku langu la chaki.

 Daktari akafunua. Chaki saba, vidonge vitatu. Mke wangu akaeleza bila kupandisha sauti, kama anasoma lebo. Alilikuta sanduku siku ile ile nilipoanza karela, baada ya kuona nakula dawa zote za duniani isipokuwa zangu. Alikuja hapa kwa daktari Ijumaa, wakakubaliana dozi. Tangu Jumamosi anatwanga kidonge asubuhi na jioni, anakitia katika karela; vilivyozidi amevirudisha dirisha la dawa kidogo kidogo. Kitu kichungu namna ile, anasema, kingeficha hata sabuni.

Tok tok tok. Hakuna panya.

Nikamgeukia daktari. Kumbe naye alijua! Akainamisha macho, akasema samahani Mwalimu, hakulala vizuri kwa kunificha, lakini Mama alisema nikiambiwa nitabishana mpaka ndege iondoke. Sasa naambiwa. Akauliza kama nitavimeza kwa hiari yangu, mbele ya watu. Nikasema nitavimeza. Karela, akasema, naweza kuendelea nayo kidogo nikitaka, mradi nipime na nisifiche kitu. Akaandika barua. Mwandiko wake bado mbaya. Nimeisoma mara sita.

Shemeji alinivisha koti pale kwenye korido. Linabana tumboni. Akasema atabaki kututunzia nyumba, na mke wangu akamwandikia ratiba ya vidonge ukurasa mzima, akaipigia mistari. Jirani yetu mwenye watoto watano ataleta kelele kila jioni. Amekubali haraka sana.

Jumanne, 18 Machi

Tiketi imekuja! Jina langu, herufi zote. Tunaondoka Alhamisi.

Nimelitafakari suala zima kwa utulivu. Mke wangu anadai ni vidonge vilivyoshusha sukari. Daktari naye. Hata Mzee wa Droo, nilipokwenda kumuaga, alisema hivyohivyo na kuniomba nisimtaje popote. Watu wazuri, ila hawakuelewa elimu yenyewe. Vidonge vilifanya kazi gani? Vilizama ndani ya karela, vikaisindikiza tumboni. Yaani vilikuwa kibebeo! Nimemweleza mke wangu kwa robo saa. Akasema sawa.

Leo nimemeza kidonge hadharani, kama nilivyoahidi. Mchungu! Hakuna karela ya kukificha. Kimenikwama. Na bahati, katika kupanga masanduku, nimeiona asali: alikuwa ameifungia kabati la viatu.

Sijasahau niliyofundishwa. Nimetafuna jani kwanza, taratibu, kama inavyotakiwa. Kisha vijiko viwili tu.

Havikuwa na utamu wowote. Kwa hiyo havihesabiwi.